Kuhesabu Kabla ya Kutaja Bei: Makadirio ya Gharama za Miradi Midogo ya Ofisi

*Ifuatayo ni mada iliyowasilishwa na Afisa Mipango mbele ya wajumbe wa Kamati za Maendeleo ya Kata, watumishi na wananchi. Inachapishwa kwa ukamilifu ili iwafikie wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria. Bei zote zilizomo ni za mfano. Kila kata itazame bei za soko lake.*



Miradi mikubwa haikosi wa kuizungumza. Barabara ina mhandisi wake, zahanati ina michoro yake, na shule ina kamati yake. Lakini upo mradi wa aina nyingine ambao aghalabu haumsumbui mtu usingizi: kukarabati chumba kimoja cha ofisi, kununua makabati, kubadili kitasa, kupanga upya majalada. Kwa kuwa ni mdogo, makadirio yake huandikwa kwa dakika kumi juu ya karatasi moja, na kwa kuwa yaliandikwa kwa dakika kumi, kazi hukwama katikati. Halmashauri hubaki na chumba nusu, na mwananchi hubaki na huduma nusu.

Mada hii inahusu namna ya kukadiria gharama za mradi wa jinsi hiyo. Neno lake kuu ni moja: bei iliyokosewa huumiza kidogo, lakini kitu kilichosahauliwa ndicho kinachosimamisha kazi. Kwa hiyo mkadiriaji mzuri huanza kwa kuhesabu, na bei huitaja mwishoni.

Kisa cha chumba cha masijala

Katika ofisi ya kata moja, ambayo haina haja ya kutajwa, kipo chumba cha masijala chenye urefu wa mita nne na upana wa mita tatu. Mlango na dirisha vyote viko upande mmoja. Humo hutunzwa majalada ya kata: mihtasari ya vikao, barua, orodha za kaya, na kumbukumbu za usuluhishi wa migogoro ya ardhi kutoka Baraza la Kata. Majalada mengine yalikuwa kabatini, mengine juu ya meza, na mengine yamepangwa sakafuni.

Mama mmoja mjane alifika katika ofisi hiyo kuomba nakala ya muhtasari wa usuluhishi wa mpaka wa shamba lake. Usuluhishi ulikuwa umefanyika zamani, mumewe akiwa hai. Jirani wa wakati ule alikuwa amefariki, na warithi wake walikuwa wameanza kulima ng'ambo ya mpaka. Jalada lilipatikana. Lakini lilikuwa limelowa mvua za masika, kurasa zimegandana, na ukurasa wenye majina na saini za mashahidi haukusomeka. Miongoni mwa mashahidi wale, wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Mtendaji alimpa mama yule pole na kiti. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Baada ya hapo ofisi iliazimia kukitengeneza chumba kile. Azimio lilikuwa jema, na makadirio yalifika mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata yakiwa na mistari mitatu:

- Makabati ya wazi 3 kwa shilingi 200,000 kila moja: 600,000
- Rangi na vifaa vyake: 100,000
- Majalada mapya 200 kwa shilingi 500 kila moja: 100,000
- Jumla: shilingi 800,000

Wajumbe waliridhika. Laki nane si fedha nyingi kwa kazi yenye manufaa kama hiyo. Kikao kilikuwa kinaelekea kupitisha, ndipo mhudumu wa ofisi, aliyekuwa akigawa chai, akaomba radhi na kuuliza: "Waheshimiwa, ile ndoo ninayoiweka mle chumbani kila mvua inaponyesha, mmeihesabu?"

Hakuna aliyekuwa amehesabu ndoo, kwa sababu hakuna miongoni mwa walioandika makadirio aliyekuwa akiingia chumbani wakati wa mvua. Mwenyekiti aliyarudisha makadirio yakaandaliwe upya, na safari hii mhudumu alikuwa mmoja wa waandaaji.

Hatua ya kwanza: kusimama mahali pa kazi

Makadirio ya mezani hukadiria kile ambacho mtu anakikumbuka. Makadirio ya mahali pa kazi hukadiria kile kilichopo. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji kikokotoo, inahitaji miguu. Wahusika waingie chumbani na futi ya kupimia, daftari na kalamu, pamoja na kila mtu anayekitumia chumba kile: karani anayefungua majalada, mhudumu anayefagia, na mlinzi anayefunga mlango usiku. Kila mmoja huona kasoro ambayo wenzake hawaioni.

Katika kisa hiki, mhudumu alionyesha mahali paa linapovuja. Karani alionyesha njia ya udongo ya mchwa iliyopanda ukutani nyuma ya kabati. Mlinzi alieleza kwamba kitasa hakishiki na kwamba mlango hufungwa kwa kuegemezwa kiti. Katika ziara ya nusu saa makadirio yalipata mistari mitatu mipya, na hakuna hata mmoja uliotokana na dukani.

Baada ya kuona, ni kuhesabu. Makabati matatu yalitoka wapi? Yalitokana na macho: mtu alitazama chumba akaona matatu yatatosha. Safari ya pili walihesabu. Majalada yalikuwa 1,200. Karani alichukua majalada 40 bila kuchagua, akayasimamisha pamoja, akapima: yakafika mita moja. Maana yake kila jalada lina unene wa wastani wa sentimita mbili na nusu, na majalada 1,200 yanahitaji rafu zenye urefu wa jumla wa mita 30. Kabati moja la wazi lenye rafu tano, kila rafu mita mbili, hubeba mita 10. Kwa hiyo makabati matatu yangetosha kabisa, lakini kwa siku ile ya kuhesabu tu.

Ofisi hiyo hufungua majalada mapya takriban 120 kila mwaka, nayo huhitaji mita tatu. Kwa miaka mitano ni mita 15. Jumla ya mahitaji ikawa mita 45, na makabati matano, yanayobeba mita 50, ndiyo yaliyostahili. Chumba chenyewe kinaweza kuyabeba: mawili ukuta huu, mawili ukuta wa pili, na moja ukuta unaotazamana na mlango. Hilo nalo lilipimwa kabla ya kuandikwa, maana kabati lisiloingia chumbani ni hasara hata likinunuliwa kwa bei nafuu.

Hatua ya pili: kuifuata kazi kutoka mwanzo hadi mwisho

Vitu husahaulika zaidi pale mkadiriaji anapofikiria bidhaa badala ya kazi. Anayefikiria bidhaa huandika "makabati". Anayeifuata kazi hujiuliza: makabati yatatoka kwa seremala wa mjini, yatafikaje? Nani atayashusha? Kabla hayajaingia, chumba kitapakwa rangi. Majalada yatakaa wapi wakati huo? Yakikaa barazani na mvua ikanyesha, yatafunikwa kwa nini? Na kabla ya rangi, paa lizibwe, maana rangi iliyopakwa chini ya paa linalovuja ni fedha iliyomwagwa ukutani.

Waandaaji waliifuata kazi siku kwa siku, na makadirio mapya yakawa haya:

- Paa: mabati 4 kwa 30,000 (120,000), misumari ya bati kilo 2 kwa 6,000 (12,000), fundi siku 2 kwa 30,000 (60,000), msaidizi siku 2 kwa 15,000 (30,000): 222,000
- Dawa ya mchwa (35,000) na kuipulizia (20,000): 55,000
- Rangi na vifaa (100,000) na fundi wa kupaka (50,000): 150,000
- Makabati ya wazi 5 kwa 240,000: 1,200,000
- Gari la kubeba makabati (80,000) na watu 4 wa kushusha kwa 5,000 (20,000): 100,000
- Kitasa na komeo (65,000) na fundi (15,000): 80,000
- Turubai la kufunika majalada: 45,000
- Majalada mapya 300 kwa 500 (150,000) na madaftari makubwa ya orodha 4 kwa 8,000 (32,000): 182,000
- Jumla ndogo: shilingi 2,034,000

Kutoka 800,000 hadi 2,034,000 kuna tofauti ya shilingi 1,234,000. Msikilizaji wa kwanza atasema bei zimepanda. Lakini itazameni tofauti hiyo kwa makini. Bei iliyokosewa ni moja tu, ya kabati: iliandikwa 200,000 ikawa 240,000. Kwa makabati matatu ya awali, kosa hilo lina thamani ya shilingi 120,000, ambayo ni chini ya sehemu moja kwa kumi ya tofauti yote. Shilingi 1,114,000 zilizobaki ni vitu ambavyo havikuwamo kabisa au vilivyoandikwa kwa idadi pungufu: paa, mchwa, gari, kitasa, turubai, ujira wa mpaka rangi, makabati mawili, majalada mia moja na madaftari.

Hapo ndipo lilipo somo lote la mada hii. Mtu anaweza kuzunguka maduka yote ya wilaya akitafuta bei nafuu ya rangi, akaokoa elfu kumi, ilhali amesahau paa lenye thamani ya laki mbili na ushee. Kuhangaika na bei ni kazi njema, lakini huja baada ya orodha kukamilika.

Bei nazo ziwe na mwenyewe

Orodha ikishakamilika, kila bei iandikwe pamoja na chanzo chake: imetoka duka gani, kwa nani, tarehe ipi, na kwa kipimo gani. Bei isiyo na chanzo ni uvumi. Ofisi iombe ankara kifani, ile ambayo wengi huiita profoma, kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja, na wote waulizwe kitu kile kile. Kabati la mbao ngumu lisilinganishwe na la mbao laini, wala bati nene na bati jembamba.

Yapo maswali matatu ambayo huokoa aibu baadaye. La kwanza: je, bei hiyo ina Kodi ya Ongezeko la Thamani ndani yake? Kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, kwa hiyo bidhaa iliyotajwa kwa shilingi 100,000 bila kodi italipiwa 118,000 kwa muuzaji aliyesajiliwa. La pili: je, muuzaji anatoa risiti ya mashine ya kielektroniki? Bei nafuu isiyo na risiti haiwezi kuingia katika hesabu za umma. La tatu: je, bei hiyo ni ya dukani au ni ya kufikishwa mlangoni? Kwa kata iliyo mbali na mji, usafiri unaweza kubadilisha mshindi wa bei.

Ujira wa fundi nao utajwe kwa kazi iliyoelezwa. Fundi akiambiwa "tengeneza paa", atataja bei ya paa analolifikiria yeye. Akionyeshwa mabati manne yaliyooza na akaulizwa siku ngapi, atataja bei ya kazi hiyo, na pande zote mbili zitajua zimekubaliana nini.

Muda nao ni gharama

Upo mstari mmoja ambao hauna shilingi lakini una uzito: kazi ya watumishi wenyewe. Majalada 1,200 lazima yafunguliwe, yatambuliwe, yaandikwe kwenye daftari la orodha na kupewa namba. Kila jalada likichukua dakika tatu, kazi nzima ni dakika 3,600, yaani saa 60. Watumishi wawili wakitenga saa tatu kila mmoja kwa siku, kazi itachukua siku kumi, ambazo ni wiki mbili za kazi.

Kwa kuwa watumishi hao wanalipwa mshahara kila mwezi, ni rahisi kusema kazi yao ni bure. Si bure hata kidogo. Saa tatu za kila siku zinatoka kwa mwananchi anayesubiri barua ya utambulisho au muhuri. Ndiyo maana makadirio yaliyorekebishwa yalitaja saa hizo waziwazi na kupanga kazi ifanyike mchana baada ya foleni ya asubuhi kupungua, na tangazo libandikwe mlangoni wiki moja kabla.

Kalenda nayo ihesabiwe. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Ununuzi wa taasisi za umma huongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 na hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambao ulianza kutumika mwaka huo huo. Hatua hizo zinahitaji siku zake, na mradi unaoanzishwa mwezi Mei hukimbizana na mwisho wa mwaka. Zaidi ya hayo, paa lisiloezekwa kabla ya masika litaezekwa baada ya hasara. Mafundi na wauzaji wa kata wanaotaka kazi hizi nao wanahimizwa kujisajili mapema katika mfumo huo, maana jina lisiloonekana mfumoni ni vigumu kupata zabuni.

Fungu la dharura si fedha ya kuchezea

Hata mkadiriaji makini hawezi kuona ndani ya dari. Bati likishafunuliwa, huenda boriti iliyo chini yake imeoza. Kwa sababu hiyo makadirio huwa na fungu la dharura. Katika kisa hiki liliwekwa asilimia kumi ya 2,034,000, yaani shilingi 203,400, na jumla kuu ikawa shilingi 2,237,400.

Je, asilimia kumi inatosha? Jibu lisitokane na mazoea, litokane na mstari wenye mashaka makubwa kuliko yote. Hapa ulikuwa ni wa paa. Fundi aliulizwa gharama tatu badala ya moja: mambo yakienda vizuri sana, mambo yakienda kama kawaida, na mambo yakiharibika. Alijibu 180,000, 222,000 na 360,000. Ipo kanuni inayotumika sana katika usimamizi wa miradi, iliyotokana na mpango wa makombora ya Polaris wa Jeshi la Majini la Marekani mwaka 1958: chukua gharama ya chini, ongeza gharama ya kawaida mara nne, ongeza gharama ya juu, kisha gawa kwa sita. Hapa inaleta 238,000, karibu sana na makadirio ya kawaida. Na hata mambo yakiharibika kabisa, ongezeko ni shilingi 138,000, ambalo fungu la dharura linaweza kulibeba na kubakiza. Kwa hiyo asilimia kumi ilitosha. Kwa jengo kuukuu zaidi, huenda isingetosha.

Fungu hili liwe na ufunguo. Lisitumike ila kwa jambo lisiloonekana wakati wa kukadiria, kwa idhini ya maandishi, na sababu yake isomwe kikaoni. Kununua pazia zuri zaidi si dharura. Fedha isiyotumika ihesabiwe kuwa imebaki, wala isitafutiwe kazi.

Fedha zisipotosha

Kata ile ilipata shilingi 1,600,000 kwa mwaka huo. Hapa palikuwa na kishawishi ambacho ofisi nyingi zinakijua: kushusha tarakimu hadi zilingane na fedha zilizopo. Kabati la 240,000 linaandikwa 170,000, fundi anapunguziwa siku kwenye karatasi, na fungu la dharura linafutwa. Karatasi hukubali kila kitu. Seremala hakubali.

Njia ya haki ni kupunguza kazi, na bei zibaki zilivyo. Waandaaji waligawa mradi kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ilichukua kila kinacholinda majalada: paa, mchwa, rangi, kitasa, turubai, madaftari, makabati matatu na gari lake. Jumla ndogo ilikuwa shilingi 1,404,000, na pamoja na dharura ikawa 1,544,400. Makabati matatu yangebeba majalada yote yaliyopo, na majalada mapya ya mwaka huo yangekaa katika kabati la zamani. Awamu ya pili, ya mwaka unaofuata, ingekuwa makabati mawili, majalada mapya 300 na gari: shilingi 730,000, na pamoja na dharura 803,000.

Waandaaji hawakuficha kwamba kugawa mradi nako kuna gharama. Gari litakuja mara mbili. Awamu zote mbili kwa pamoja ni shilingi 2,347,400, yaani 110,000 zaidi ya kufanya kazi yote kwa mara moja. Kikao kilielezwa hivyo, kikakubali kwa kujua. Mwananchi anaweza kuvumilia gharama aliyoelezwa. Asiyoelezwa ndiyo huzaa manung'uniko.

Baada ya kazi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ikiisha, makadirio yasitupwe. Yaandikwe upya kwa safu tatu: kilichokadiriwa, kilichotumika, na sababu ya tofauti. Dawa ya mchwa ilikadiriwa chupa moja zikatumika mbili? Iandikwe. Fundi alimaliza siku moja badala ya mbili? Iandikwe pia. Ofisi itakayokarabati chumba mwaka ujao haitaanza na macho matupu, itaanza na karatasi hiyo. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata, kwa lugha na tarakimu ambazo mtu yeyote aliyesimama pale anaweza kuzisoma.

Maswali ya mwananchi

Ndugu wananchi, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu, na huko taarifa za mapato na matumizi husomwa. Mwananchi hahitaji kuwa mhasibu ili auelewe mradi. Anahitaji maswali haya sita:

1. Ni nani aliyekwenda mahali pa kazi, na je, wanaopatumia kila siku waliulizwa?
2. Idadi hizi zilihesabiwa au zilikisiwa?
3. Kazi imefuatwa kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na usafiri, ujira na kusafisha?
4. Kila bei ilitoka wapi na lini, na je, kodi imo?
5. Fungu la dharura ni kiasi gani, na nani ana mamlaka ya kulifungua?
6. Fedha zikipungua, ni kazi ipi itakayosubiri?

Atakayeuliza maswali hayo asionekane mkorofi. Mhudumu aliyeuliza habari ya ndoo hakuwa mkorofi. Aliokoa shilingi laki nane zisiingie katika chumba kinachovuja. Na maswali hayo hayo yatafaa kwa kamati ya shule inayotaka madawati, kikundi cha akiba kinachotaka kununua turubai na viti, au familia inayotaka kuongeza chumba.

Jalada la mama yule mjane halikuweza kusomeka tena. Mtendaji na wazee wa kitongoji walilazimika kuwatafuta mashahidi walio hai, wakaenda nao shambani, na usuluhishi ukaanza upya kutoka mwanzo. Muhtasari mpya ulipoandikwa, ulipewa namba, ukaingizwa katika daftari la orodha, na kuwekwa kwenye rafu ya pili kutoka juu, mbali na sakafu. Mama alipewa nakala yake, na karani akamwonyesha namba, ili siku akirudi aitaje.